Kuuzunguka Mji wa Kale wa Mombasa kwa Miguu

Mombasa ni kisiwa, na sehemu yake iitwayo Mji wa Kale ni pembe ndogo tu ya kisiwa hicho, upande wa mashariki unaotazama Nyali na mlango wa bahari. Mtu mwenye afya aweza kuizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Hata hivyo wako watu wengi wa bara waliofika Mombasa mara kumi au ishirini wasiuone mji huo hata mara moja. Hushuka katika basi, au katika gari-moshi la Miritini lililoanza safari zake mwaka 2017, wakafanya shughuli iliyowaleta, wakaenda kutazama bahari, wakapigwa picha chini ya zile pembe kubwa za barabara ya Moi, kisha wakarudi kwao wakisema kwamba Mombasa wanaijua.

Mzee mmoja wa Taita alikuwa katika hesabu ya watu hao. Ni mkulima wa kabichi na nyanya katika milima ya huko, na kwa miaka mingi ameleta mboga zake katika soko la Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, akiuza alfajiri na kushika njia ya Voi kabla jua halijawa kali. Hivi karibuni binti yake, aliye karani katika ofisi moja ya Mombasa, alimwomba akae siku moja zaidi. Akamtafutia kiongozi wa kuwatembeza wao wawili peke yao, bila kuchanganywa na kundi la watalii. Mzee alikuwa na sababu yake ya kukubali, lakini hakumwambia binti yake sababu hiyo mpaka walipokuwa ndani ya ngome.

Juu ya viongozi hawa yafaa kusema maneno machache, kwa maana ndipo wageni wengi wanapokosea. Wako wenye leseni na ujuzi, nao huionyesha leseni kabla ya kuulizwa. Wako na wengine ambao humfuata mgeni tangu langoni, wakisema kwamba hawataki kitu, ni urafiki tu. Na mwisho wa safari urafiki huo huwa na bei kubwa. Mtu asianze kutembea kabla ya kupatana mambo matatu: ni saa ngapi, ni mahali gani na gani, na ni fedha ngapi kwa wote pamoja, na kama kiingilio cha ngome kimo ndani yake au hakimo. Kiongozi wa peke yako hugharimu zaidi kuliko kutembea na kundi. Faida yake ni kwamba hufuata mwendo wako, na hujibu maswali yako wewe, wala si ya mtu mwingine. Binti yule alimaliza mapatano yote kwa simu jioni iliyotangulia, kama karani apasavyo.

Kiongozi wao alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Kibokoni, amevaa kofia ya kiua na viatu vilivyokwisha zoea njia. Alimwamkia mzee shikamoo, mzee akaitikia marahaba, wakaanza safari yao saa mbili asubuhi mbele ya lango la Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni.

Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1593 na kumalizika mwaka 1596, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye siku zile alikuwa mfalme wa Ureno pia. Ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, hata mahali pengine mtu hawezi kutambua upesi mwamba unakoishia na ukuta unakoanzia. Wareno walikuwa na sababu ya kutaka kuta nene. Tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 watu wa Mombasa hawakuwapenda, na mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuuchoma mji. Baada ya ngome kujengwa vita havikwisha. Kati ya mwaka 1631 na mwaka 1875 ilibadili wenyewe mara tisa.

Kiongozi asiyejua kazi yake angewasomea mara zote tisa, wageni wakasinzia. Huyu alichagua mbili. Ya kwanza ni habari ya Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, aliyechukuliwa akiwa mtoto, akapelekwa Goa, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala chini ya Wareno. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, na Wareno waliokuwamo mjini wakauawa. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaondoka kwa bahari, na Wareno wakarudi.

Ya pili ni habari ya mazingiwa makuu. Waomani waliizingira ngome mwezi wa Machi mwaka 1696, wala hawakuipata mpaka mwezi wa Desemba mwaka 1698, yaani miaka miwili na miezi tisa. Ndani walikuwamo askari Wareno wachache, na pamoja nao watu wa pwani waliokuwa upande wao. Njaa iliwapata, kisha ugonjwa, na ugonjwa uliua kuliko mizinga. Ilifika siku, katikati ya mwaka 1697, ambapo ulinzi wa ngome ile yote ulibaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio waliolinda kuta mpaka msaada ulipokuja mwezi wa Septemba. Ngome ilipoanguka mwaka uliofuata, waliokutwa ndani wakiwa hai walikuwa watu wachache mno, na baada ya siku chache merikebu za msaada zikatokea kutoka Goa, zikaona bendera ya Waomani juu ya ukuta, zikageuka.

Binti aliuliza majina ya wale wanawake 50.

"Hayakuandikwa, dada yangu," kiongozi akajibu. "Ya makapteni tunayo."

Hapo ndipo mzee alipotoa sababu yake. Tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958 serikali ya Kiingereza ilikuwa imeifanya ngome kuwa gereza. Baba yake mzee alifungwa humo miezi kadhaa, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, wakati mzee mwenyewe alipokuwa mtoto mchanga. Baba huyo aliishi miaka mingi baadaye, akalima, akaoza binti zake, lakini juu ya kifungo chake alizoea kusema neno moja tu: kwamba usiku aliisikia bahari, na mchana hakuiona hata siku moja. Mzee alitaka kuonyeshwa mahali wafungwa walipolala.

Kiongozi alinyamaza kidogo. Ingekuwa rahisi kumwonyesha chumba chochote chenye giza, na mzee angeamini. Wako viongozi ambao kwao kila shimo ni la watumwa na kila ujia huenda chini ya bahari. Huyu akasema, "Mzee wangu, sitakudanganya. Majengo mengi ya gereza yaliondolewa baada ya mwaka 1958, wachimbaji wa mambo ya kale walipotaka kuyafikia ya Wareno yaliyo chini yake. Mahali alipolala baba yako sipajui. Lakini mahali pa kuisikia bahari napajua."

Akawapeleka juu ya ukuta ulio upande wa bahari. Maji yalikuwa yamejaa, yakigonga mwamba chini. Ng'ambo zilionekana nyumba za Nyali, na kushoto mashua za wavuvi zilikuwa zikiingia bandari ya zamani. Kundi kubwa la wanafunzi lilipita nyuma yao likihimizwa na mwalimu wake, maana lilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wao watatu walikaa pale karibu robo saa, na hakuna aliyemhimiza mzee. Alipokuwa tayari, alisema tu kwamba sauti ni kubwa kuliko alivyodhani.

Ni haki kusema kwamba kazi iliyofanywa baada ya mwaka 1958 ilikuwa kazi njema. Fedha zilitoka kwa shirika la Gulbenkian la Ureno, na uchimbaji uliongozwa na James Kirkman. Bila hiyo mgeni asingeweza kuona michoro ya Wareno ukutani, wala ujia uliokatwa katika mwamba kuelekea baharini, ambao vyakula na watu waliweza kupitishwa. Lakini ni kweli pia kwamba miaka 63 ya gereza, ambayo yawahusu jamaa za Wakenya wengi kuliko miaka ya makapteni, imeacha alama chache humo. Ili ya kale zaidi yaonekane, yaliondolewa yale ambayo watu walio hai waliyakumbuka.

Yaliyobaki ngomeni waliyapitia upesi. Waliona vyombo vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa yale, na ambayo wapiga-mbizi waliichunguza kati ya mwaka 1977 na mwaka 1980. Waliona Nyumba ya Waomani. Waliona pia mahali ambapo bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea hata mwaka 1963, kwa kuwa ukanda wa pwani, wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa nchi yake ingawa Waingereza ndio waliotawala. Mwaka 2011 ngome iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Karibu na ngome pana makaburi ya Wamazrui, ukoo ulioitawala Mombasa kwa karibu miaka mia mpaka Seyyid Said alipoutoa mji mikononi mwao mwaka 1837. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1933 na kufariki Marekani mwaka 2014, alirudishwa akazikwa hapo. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na pia mtu wa magazeti.

Kutoka hapo huanza Ndia Kuu, na hapo huanza Mombasa ya wenyewe. Neno ndia ni la Kimvita, ndilo njia ya Kiswahili cha vitabuni. Katika zama za Waingereza barabara hii iliitwa kwa jina la Vasco da Gama. Jina hilo limekwisha, na la wenyeji limebaki. Mwanzoni mwa karne iliyopita ziliwekwa reli nyembamba katika barabara za mji, na juu yake vilipita vigari vidogo vilivyowabeba maofisa na matajiri. Havikuvutwa na farasi wala na moshi; vilisukumwa na watu.

Binti, ambaye Kiswahili chake ni cha shuleni, alisimama aliposikia mama mmoja akimwita mtoto mlangoni, "Ndoo! Ndoo hapa!" Akadhani mama anadai ndoo ya maji. Kiongozi akacheka, akaeleza kwamba ni njoo, na kwamba kwa Mmvita njaa ni ndaa, na macho ni mato. Kisha akawaambia jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika ya Mashariki ulifanyika mwaka 1928 papa hapa Mombasa, katika mji wa Muyaka bin Haji, mshairi ambaye Kimvita chake kilikuwa kimekwisha sifiwa karibu miaka mia kabla yake. Wenyeji hawajasahau. Husema hivyo bila hasira, lakini husema.

Nyumba za Ndia Kuu na za vichochoro vilivyoungana nayo zilimpendeza mzee kuliko ngome, kwa kuwa yeye mwenyewe amejenga nyumba mbili kwa mikono yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Dari imebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti nzuri haina urefu wa kuvuka chumba kipana, kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu, hata katika nyumba ya tajiri. Upana wa chumba ulipimwa na mti, si na mfuko wa mwenye nyumba. Mbele ya mlango pana baraza la mawe, ambapo mgeni aliketishwa na mazungumzo yakafanyika bila kuingia faragha ya nyumba. Juu zimetokeza roshani za mbao zenye nakshi, nyingi zikiwa na mkono wa mafundi wa Kihindi. Milango ina mbao mbili, na katikati yake umesimama mfaa, ambao ndio uliotiwa ufundi zaidi. Kiongozi aliwafundisha kutazama nakshi za kizingiti cha juu kabla ya kitu kingine.

Mzee alitia kidole katika ufa wa ukuta mmoja, akauliza kwa nini plasta mpya imebanduka na ile ya zamani iko. Jibu lake lawafaa watu wa mahali pote wenye nyumba za mawe ya kale. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu, na chokaa huuacha unyevu huo utoke. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hufanya kazi yake, na plasta huanguka pamoja na ngozi ya jiwe. Hatari kubwa zaidi hutoka juu. Paa likivuja na lisizibwe, boriti huoza katika kichwa chake kilichomo ukutani, mahali macho hayafiki, na siku moja sakafu hushuka. Mji wa Kale unalindwa na sheria, na mwenye kutaka kubadili nyumba hana budi kupata ruhusa ya Makumbusho ya Taifa. Lakini sheria haileti chokaa wala boriti. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi, mmoja Mombasa, mwingine Jeddah, mwingine London. Kila mmoja ana sauti ya kukataa, na hakuna mmoja anayetaka kulipa fundi. Nyumba husubiri, na mvua haisubiri.

Walipita Msikiti wa Mandhry, ambao yasemekana ulijengwa mwaka 1570. Mnara wake mweupe umechongoka juu na haufanani na minara ya siku hizi. Mzee na binti ni Wakristo. Walisimama nje, wakatazama, wakaendelea. Mbele kidogo, karibu na maji, ipo nyumba ambayo bado huitwa kwa jina la Leven, manowari ya Kapteni Owen. Mwaka 1824 Wamazrui, kwa hofu ya Seyyid Said, waliomba ulinzi wa Waingereza, na Owen akakubali bila kuagizwa na serikali yake. Luteni kijana, John James Reitz, aliachwa kusimamia mambo, akafa kwa homa mwaka ule ule. Jina lake ndilo Port Reitz. Serikali ya Uingereza ilikataa mapatano yale, na mwaka 1826 yakaisha.

Bandari ya zamani leo ni tulivu. Zamani, kaskazi ilipovuma, majahazi yalifika kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia na samaki wa chumvi, na kusi ilipoanza yakarudi na boriti na bidhaa nyingine za pwani. Meli kubwa zilipoanza kutumia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, biashara ilihama nazo. Majahazi machache bado huja, na wavuvi huleta samaki wao asubuhi. Hapo kiongozi alimwita mwuza kahawa mwenye dele, wakanywa kahawa chungu kwa kashata, wamekaa kivulini.

Mzee alimwuliza kiongozi ni ipi nyumba aliyozaliwa. Akawarudisha nyuma vichochoro viwili, akawaonyesha jengo jipya la matofali ya saruji, lenye madirisha ya vioo na duka la simu chini. Nyumba ya zamani ilianguka upande mmoja wakati wa mvua ya masika, na jamaa wakauza kiwanja. Alisimama mbele ya duka lile akawataja waliokuwa wakikaa humo, chumba kwa chumba: nyanya yake chini, karibu na kisima, mjomba wake, nahodha, juu penye upepo, na mpangaji mmoja, fundi wa kushona, aliyekaa miaka thelathini bila kupandishiwa kodi. Mwenye duka alitoka kutazama kuna nini, akasalimu, akarudi ndani.

Ilikuwa yapata saa tano na nusu. Binti alitoa fedha walizopatana, na mzee akaongeza yake juu, akiisukuma katika kiganja cha kiongozi kama watu wazima wafanyavyo, bila kuhesabu mbele ya watu. Kiongozi alishukuru, akasema anawahi msikitini, akawaelekeza njia fupi ya kwenda Marikiti, kwa kuwa mzee alitaka kujua bei ya nyanya.